Somo lililokatika sekunde ya 73

Tarehe 28 Januari 1986, wanafunzi wengi Marekani walikuwa wameketi mbele ya televisheni wakimsubiri mwalimu. Christa McAuliffe, aliyefundisha sekondari mjini Concord, New Hampshire, alikuwa amechaguliwa kati ya walimu zaidi ya 11,000 walioomba kwenda angani. Alipanda chombo cha Challenger huko Florida pamoja na wenzake 6, akiwa na masomo aliyokusudia kuyafundisha akiwa huko juu. Sekunde 73 baada ya kuruka, chombo kilisambaratika. Hakuna aliyepona.

Miezi mitatu haikutimia, familia za wale 7 zikakaa kikao. Aliyewaongoza ni June Scobee, mjane wa nahodha Dick Scobee, naye pia mwalimu. Wafiwa hawakutaka mnara wa mawe. Walitaka kazi ya Christa iendelee, na ndipo wakaanzisha Challenger Center, taasisi ya kuwafundisha watoto sayansi kwa safari za kuigiza. Kituo cha kwanza kilifunguliwa Houston mwaka 1988. Vingine vikafuata katika majimbo mengi, kisha Uingereza, Kanada na Korea Kusini.

Safari zenyewe huendeshwa hivi. Darasa hugawanywa nusu kwa nusu. Kundi moja huingia katika chumba kilichotengenezwa mfano wa chombo cha angani, jingine hubaki katika chumba cha kuongozea safari, mbele ya kompyuta. Hawaonani ana kwa ana. Wanaunganishwa na vipaza sauti na ujumbe. Kila mtoto ana kazi: huyu anapima hewa na maji, yule anakagua afya ya wenzake, mwingine anapiga hesabu za njia, wengine wanaunda chombo kidogo cha uchunguzi. Wanaweza kuwa wanaelekea Mwezini, Mirihi, au kwenye nyotamkia ya Halley, ambayo Challenger yenyewe ilikuwa imebeba kifaa cha kuichunguza. Katikati ya safari makundi hubadilishana nafasi. Na lazima litokee la kutokea: king'ora kinalia, hewa inachafuka, namba kwenye kioo hazilingani na zilizotarajiwa. Hakuna mtoto mwenye taarifa zote, kwa hiyo aliye kimya anawakwamisha wote.

Wazo la kuwaingiza vijana katika mazoezi ya wanaanga lilikuwapo kabla ya ajali hiyo. Kambi maarufu ya Space Camp ilianza Huntsville, Alabama, mwaka 1982, na baadhi ya waliopita pale walikuja kuwa wanaanga kweli. Lakini NASA, shirika la anga la Marekani, ilikuwa ikiitumia mbinu hii mapema zaidi. Siku chache kabla ya Apollo 11 kuondoka mwaka 1969, wakufunzi waliwatega waongozaji wa safari kwa hitilafu ya kompyuta katika zoezi la kutua Mwezini. Steve Bales, kijana wa miaka 26, akaamuru kutua kusitishwe. Kikao cha tathmini kikamwonyesha kwamba hapakuwa na haja. Mkuu wa zamu, Gene Kranz, akaagiza kila ishara ya hatari ichunguzwe, na Jack Garman, mdogo zaidi kwa umri, akaandika orodha yake kwa mkono. Tarehe 20 Julai, Neil Armstrong na Buzz Aldrin wakishuka, ishara namba 1202 iliwaka. Garman alikuwa na jibu, Bales akalipokea, na chombo kikaendelea kushuka hadi kikatua. Kosa la chumba cha mazoezi lilikuwa limeshalipiwa, bila mtu kudhurika.

Sasa linganisha na usiku wa kuamkia ajali ya Challenger. Wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi za pembeni walionya kwa simu kwamba baridi ingeufanya mpira wa kuzibia maungio upoteze unyumbufu, na gesi ya moto ingepenya. Mabosi wao wakalitupilia mbali onyo hilo. Waliotoa ruhusa ya mwisho hawakuelezwa ubishi huo, na asubuhi maungio yakavuja, kama walivyohofia. Tume iliyochunguza ilisema wazi kwamba namna uamuzi ulivyofikiwa ilikuwa na kasoro. Ndiyo sababu naona mafunzo haya yana uzito kuliko hesabu za mizunguko ya sayari. Mtoto wa miaka 11 anayethubutu kumwambia kiongozi wake, "Subiri, namba zangu hazikubali," na kiongozi anayenyamaza kumsikiliza, wanafanya kile kilichokosekana usiku ule. Stadi hiyo haifundishwi kwa kunakili ubaoni. Hupatikana kwa kuitenda, king'ora kikiwa kinalia.

Nafasi ya Christa haikubaki wazi daima. Barbara Morgan, mwalimu aliyekuwa akiba yake, aliruka na Endeavour mnamo Agosti 2007 na kuzungumza na wanafunzi kutoka angani. Mwaka 2018, Joe Acaba na Ricky Arnold, wanaanga waliowahi kushika chaki, walirekodi baadhi ya masomo ya Christa wakiwa katika Kituo cha Kimataifa cha Anga: tabia ya vimiminika visipokuwa na uzito, kanuni za Newton, vidonge vinavyotoa povu majini. Challenger Center ikazisambaza video hizo pamoja na mipango ya somo, ili mwalimu yeyote afanye majaribio hayo hayo na darasa lake.