Vigae vya kuongozea wasioona

Vigae vya kuongozea wasioona ni vigae vyenye vinundu au mistari iliyoinuka. Hutandazwa kwenye njia za waenda kwa miguu, stesheni na bustani za umma ili mtu asiyeona atambue njia kwa nyayo au kwa fimbo nyeupe.

Historia

Vilibuniwa mwaka 1965 na Seiichi Miyake wa Japani, aliyetaka kumsaidia rafiki yake aliyekuwa akipoteza uwezo wa kuona. Vilitandazwa barabarani kwa mara ya kwanza tarehe 18 Machi 1967, karibu na shule ya wasioona mjini Okayama. Baadaye vilienea katika nchi nyingi.

Matumizi

Kuna aina mbili kuu. Mistari mirefu huonyesha mwelekeo wa kufuata. Vinundu humwonya mtu asimame au awe mwangalifu, kwa mfano mbele ya ngazi, kivuko cha barabara au ukingo wa jukwaa la treni. Mara nyingi huwa vya rangi ya njano, inayowasaidia wenye uoni hafifu.

Vigae hivi hufaa pale tu njia inapoachwa wazi. Pikipiki ikiegeshwa au bidhaa zikipangwa juu yake, anayevitegemea hugonga kizuizi, au huacha mstari na kupotea njia.