Kipindupindu cha Unguja na Faraja ya Watu

Ugonjwa ambao chanzo chake hakijulikani hutesa mara mbili: huitesa roho kwa hofu kabla haujafika mwilini. Mateso hayo waliyaonja watu wa Unguja katika karne ya 19, kipindupindu kilipowajia mara nne: mwaka 1821, 1836 hadi 1837, 1858 hadi 1859, na 1869 hadi 1870.

Mtu aliamka mzima alfajiri, mchana akashikwa na kuhara na kutapika, na pengine kesho yake akawa kaburini. Kwa nini nyumba hii iliguswa na ile ikapitwa, hapakuwa na ajuaye. Mwaka 1869 wenyeji wa mji uliozoea kutazama bahari walijiwa na adui kutoka bara. Ugonjwa ulipita nchi ya Wamasai, ukashuka Pangani pamoja na misafara, ukavuka hadi Unguja kabla ya mwaka kwisha. James Christie, tabibu Mskoti aliyekuwako Unguja siku hizo, aliwauliza wafanya biashara habari za safari zao, na katika kitabu chake kilichochapishwa London mwaka 1876 alieleza jinsi maradhi yalivyofuata njia za biashara. Hata baadhi ya wapagazi waliotumwa kumpelekea Livingstone vitu vyake walifia njiani. Jamaa zao waliobaki pwani walikaa miezi na miezi wasijue kama wangojee mtu au waanue tanga.

Katika kiza hicho watu walishika waliyokuwa nayo. Tangu zamani, miji ya pwani ilipopatwa na balaa, watu walikusanyika wakasoma dua, wakatoa sadaka, wakamzungusha ng'ombe mjini kisha wakamchinja na kula pamoja. Wanachuoni nao walikuwa na mafundisho ya Mtume juu ya tauni: aisikiaye katika nchi asiingie, na aliyemo asiikimbie. Mafundisho hayo yalimwekea mwoga mpaka, yakampa mgonjwa matumaini ya kutoachwa peke yake. Mwenye kusema kwamba dua haikuponya tumbo hajamaliza habari. Ilimpa mtu kazi ya kufanya wakati ambapo kungoja tu kungalimtia wazimu, tena ikamweka karibu na wenzake.

Lakini faraja ilikuwa na hatari yake. Mkono uliomwosha maiti kwa mapenzi uliweza kuyachukua maradhi hadi kwenye sinia ya matanga, na maji machafu yaliyomwagwa uani yaliweza kurudi kisimani. Mwaka 1854 John Snow alikuwa amekwisha kuonyesha huko London kwamba kisima kimoja chaweza kuua mtaa, ila wengi hawakumsadiki; na Robert Koch hakukithibitisha kijidudu chenyewe mpaka miaka ya 1883 na 1884, alipofanya uchunguzi Misri na Bara Hindi. Watu wa Unguja basi hawakuwa wajinga kuliko walimwengu wengine. Walipenda wafu wao, nao hawakuambiwa kwamba maji yaliwasaliti.

Kipindupindu hakikuheshimu daraja, ijapokuwa maskini na watumwa, waliosongamana na kunywa maji mabaya, ndio waliokufa kwa wingi. Jilfidan, mama yake Salme binti Said, alichukuliwa na ugonjwa huo mwaka 1859, miaka mitatu baada ya kifo cha Sultani Said. Salme, kijana wa miaka 15, akabaki bila baba wala mama. Kumbukumbu zake zilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, na baada ya muda wote huo msiba ule ulikuwa ungali na nafasi yake kitabuni. Wengine wengi walikuwa na jeraha kama lake, wasipate kalamu ya kulisema.

Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alileta mjini maji safi ya chemchemi kwa mabomba. Kazi hiyo ilikuwa rehema ya namna ya pili. Ya kwanza ilikuwa ya jirani aliyeingia nyumba ya mgonjwa huku moyo ukimdunda. Mji hauokoki kwa moja katika hizo: maji safi huuhifadhi mwili, na jirani huuhifadhi moyo mpaka maji yafike.