Misioni zilizoshindwa kabla ya Injili kufika Kivu



Kitabu cha yubile kwa desturi huhesabu vilivyojengwa: kanisa, masomo, nyumba ya mapadri, hesabu ya wabatizwa. Ni vema. Lakini sisi tulipopewa kazi ya kuandika juu ya chanzo, tumeona ni haki kuanza na vilivyobomoka. Maana Injili haikufika Kivu kwa mwendo mmoja wa ushindi. Kabla ya kufika kwenye ziwa letu, ilianguka mara nyingi kando ya ziwa lingine lililo kusini, Tanganika.

Mwaka 1878 Papa Leo XIII alikabidhi nchi za maziwa makubwa kwa Mapadri Weupe wa Monsenyeri Lavigerie, askofu mkuu wa Alger. Mwezi wa nne mwaka ule wamisionari kumi waliondoka Marseille: watano kwa ajili ya Nyanza, watano kwa ajili ya Tanganika. Mkubwa wa hao wa Tanganika, Padri Pascal, alikufa kwa homa njiani mwezi wa nane, asilione ziwa. Wenzake wakafika Ujiji mwezi wa kwanza 1879, na mwaka ule ule wakajenga Rumonge, katika nchi ya Burundi.

Hapa yafaa tukae kidogo, kwa sababu shida yote ya miaka ile iko Rumonge. Siku zile njia za Ujiji zilijaa watumwa. Wamisionari waliwakomboa watoto kwa vitambaa na shanga, wakawaweka katika nyumba yao, wakawafundisha. Walifikiri hivi: watoto hawa watakua, wataoana, watafanya kijiji cha Kikristu, na kijiji kitazaa vijiji. Nia ilikuwa njema, na mtoto aliyetolewa katika kamba alikuwa ametolewa kweli. Lakini majirani waliona nini? Waliona wageni wanaokusanya watoto wa watu nyuma ya ukuta. Mwezi wa tano 1881, Wabikari walimtaka mtoto mmoja aliyekuwa amekombolewa. Mapadri wakakataa kumtoa. Tarehe 4 Padri Deniaud, Padri Augier na msaidizi wao D'Hoop wakauawa. Kwa hiyo wengine katika wale watano waliotoka Marseille walikuwa wamekufa, na miaka minne ilikuwa haijatimia. Rumonge ikaachwa.

Sisi hatuwezi kuwalaumu kwa kumkatalia mtoto yule. Nani kati yetu angemtoa? Kosa halikuwa siku ile. Lilikuwa katika kujenga nyumba kabla ya kupata urafiki wa wenye nchi.

Upande wetu wa Kongo mambo hayakuwa mepesi zaidi. Walijaribu Masanze mwaka 1880, kisha mwaka 1883 wakaanzisha Kibanga, misioni kubwa waliyoiita pia Lavigerieville. Huko walikusanya watoto na wakimbizi wengi. Kwa miaka kumi walipigana na magonjwa na hofu ya wawindaji wa watumwa, na makaburi yakaongezeka. Mwaka 1893 Kibanga nayo ikaachwa. Tunajaribu kufikiri mapadri wale walivyopanda mtumbwi na kutazama nyuma kuona miti waliyoipanda wenyewe.

Na hata ndoto ya ufalme wa Kikristu wenye kulindwa na bunduki, Lavigerie aliyoipenda, haikuzaa alichotumaini. Kapiteni Joubert, aliyekuwa askari wa Papa, aliwalinda watu wengi wa Mpala na Mrumbi, na jina lake linakumbukwa kwa heshima mpaka leo. Ila ufalme haukuwako.

Aliyejifunza kutokana na hayo ni Padri Victor Roelens, Mbelgiji, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Kongo ya Juu. Mwaka ule ule wa 1893 alianzisha Baudouinville, ndiyo Kirungu, katika nchi ya juu penye hewa safi, mbali na pwani yenye homa. Hilo ni fundisho la kwanza, na ni rahisi: mwenye kuhama si lazima awe ameshindwa. La pili lilikuwa gumu. Ilipasa kuacha kungoja watu waje ukutani, na kupeleka makatekista wakae kijijini, walime shamba kama wengine, wazike na kuoza pamoja na wengine. Huko Mpala kukawa na masomo ya kuwatayarisha. Msomaji atatusamehe tukisema kwamba kazi yetu sisi makatekista ilizaliwa katika hasara hiyo.

Jambo hili si la zamani tu. Tangu vita vya mwaka 1993 katika Masisi, na mara nyingi baadaye, tumeona watoto wakifika bila baba wala mama. Wako wanaosema heri ijengwe nyumba moja kubwa ya kuwaweka wote. Sisi tunasema kwanza tuulize katika mashirika yetu ni jamaa gani inaweza kumpokea mtoto mmoja, na ni jamaa gani inamtafuta wake. Mtoto aliyelelewa mbali na watu atakuwa mgeni kwao hata akiwa salama.

Turudi Mpala. Mwaka 1899 Roelens alifungua seminari ndogo huko. Kati ya vijana wa kwanza alikuwamo Stefano Kaoze, mtoto wa Marungu. Wenzake wakatoka mmoja mmoja, hata akabaki peke yake. (Sisi tuliopita katika seminari ndogo na kutoka, tunajua namna gani kitanda kitupu kinavyosema usiku.) Mzungu mwenye hesabu angaliifunga nyumba ile: seminari nzima kwa mwanafunzi mmoja! Roelens hakuifunga. Tarehe 21 mwezi wa saba 1917, huko Baudouinville, Kaoze akapewa upadri, wa kwanza katika Wakongomani wa siku hizi zetu. Ilikuwa miaka 36 tangu damu ya Rumonge.

Burundi nayo haikuachwa milele. Mugera ilisimama mwaka 1899. Kisha Nyundo, ng'ambo ya Goma, mwaka 1901, na Nyangezi, kusini mwa ziwa letu, mwaka 1906. Katika njia hizo waliotangulia mara nyingi walikuwa walimu weusi wenye katekisimu mkononi, na majina ya wengi wao hayakuandikwa popote. Mwaka 1960, Goma ilipopata askofu wake wa kwanza, Monsenyeri Joseph Busimba, alikuwa mtoto wa nchi. Na wazee wa siku zile walikuwa wamefundishwa sala zao za kwanza na walimu hao.