Bilauri: jiwe kabla ya gilasi

Wengi wanajua bilauri ya kunywea maji tu. Neno hilo la Kiarabu hutaja pia jiwe: fuwele angavu ya kwatzi, muungano wa silikoni na oksijeni.

Katika eneo la Butimba jijini Mwanza, kwatzi haisakwi mbali. Vunja kipande cha jabali la granaiti, uzitazame zile chembe za kijivu zinazong'aa: ndizo kwatzi. Ugumu wake ni 7 katika kipimo cha Mohs; kisu cha kawaida hakiikwaruzi. Madini ya felspa yaliyo kando yake huoza yakawa udongo, kwatzi yenyewe ikabaki kuwa mchanga. Huko Geita, mishipa ya kwatzi hubeba dhahabu.

Mchanga wa kwatzi, ukiyeyushwa na magadi na chokaa, hutoa kioo. Walimu, mkifundisha neno bilauri, tajeni jiwe kwanza, gilasi baadaye.