Kutatua tatizo la biashara kwa hatua: mfano wa viazi kutoka Kanzenze hadi Goma

Kanzenze ni moja ya sekta 12 za Wilaya ya Rubavu, Mkoa wa Magharibi, Rwanda. Ardhi yake ni ya volkeno, yenye rutuba, na viazi hustawi huko. Sehemu ya mazao ya wilaya hii huteremka hadi Gisenyi na kuvuka kwenda Goma, upande wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Safari ni fupi, lakini mzigo unaweza kupoteza thamani kubwa njiani. Kila mfanyabiashara ana maelezo yake ya hasara hiyo: forodha, mvua, dereva au bei ya soko. Wachache ndio wanaokaa chini na kutafuta chanzo chenyewe.

Makala hii inaeleza njia ya kutafuta chanzo hicho hatua kwa hatua. Haihitaji kompyuta wala mtaji mkubwa. Inahitaji daftari, saa na uvumilivu wa wiki chache.

Njia hii imetoka wapi

Viwanda vya Japani viliipa jina la kaizen, yaani uboreshaji wa kidogo kidogo usiokoma. Taiichi Ohno wa kampuni ya Toyota alijulikana kwa kuwafundisha wafanyakazi kuuliza "kwa nini" mara tano kabla ya kugusa mashine. Afrika Mashariki njia hiyo si ngeni. Ethiopia iliunda taasisi yake ya kaizen mwaka 2011, na Tanzania ilianza mradi wa kaizen viwandani mwaka 2013 kwa ushirikiano na shirika la Japani, JICA. Kinachofaa kiwandani kinafaa pia kwenye lori la viazi, kwa sababu kazi zote mbili zina hatua zinazofuatana, na hatua moja ikichelewa zote huchelewa.

Hatua ya 1: Taja tatizo kwa namba

"Biashara ni mbaya" ni malalamiko, bado hujataja tatizo. Tuseme mfanyabiashara wa Kanzenze hupakia magunia 40 kila Jumatatu, na mnunuzi wa Goma hukataa magunia 4 kwa sababu viazi vimelowa au vimechubuka. Hilo sasa ni tatizo: gunia 1 katika kila 10. Linaweza kupimwa wiki hii na wiki ijayo, na mtu ataona kama limepungua.

Hatua ya 2: Fuata mzigo mwenyewe

Usitegemee simu ya dereva peke yake. Safiri na mzigo angalau mara mbili na uandike:

- saa ya kuanza na kumaliza kupakia;
- saa ya kufika mpakani;
- saa ya kuwasilisha karatasi na saa ya kuruhusiwa;
- saa ya kushusha Goma;
- magunia yaliyokubaliwa, yaliyokataliwa, na sababu;
- kila malipo, pamoja na ya wapakiaji na maegesho.

Mara nyingi daftari huonyesha jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Muda mrefu zaidi huweza kupotea shambani, kabla lori halijawasha injini.

Hatua ya 3: Uliza "kwa nini" mara tano

Turudi kwa magunia yale 4.

1. Kwa nini yanakataliwa? Viazi vina unyevu na joto, vimeanza kuoza.
2. Kwa nini? Vililala ndani ya lori usiku mzima, chini ya turubai lililofungwa.
3. Kwa nini vililala? Lori lilifika mpakani jioni, muda wa kukamilisha karatasi ukiwa umepita.
4. Kwa nini lilifika jioni? Kupakia kulianza saa 7 mchana.
5. Kwa nini saa 7? Wakulima huleta viazi wakisikia lori limefika, kwa sababu hulipwa lori likiwepo. Kuchambua, kupima na kufunga hufanyika papo hapo, kando ya barabara.

Tatizo lililoonekana mpakani limezaliwa kwenye utaratibu wa malipo kijijini. Dawa yake si kugombana na wakala wa forodha. Mnunuzi aagize siku moja kabla, atoe malipo ya awali, viazi vichambuliwe jioni na kulazwa mahali pakavu, penye kivuli na hewa. Karatasi zitangulie asubuhi. Viazi vibichi vikiachwa kwenye mwanga hugeuka kijani na huwa na sumu, kwa hiyo kivuli ni cha lazima.

Ukifika kwenye "kwa nini" ambayo huna uwezo wa kuibadilisha, rudi nyuma hatua moja. Chanzo unachokitafuta ni kile ambacho mkono wako unakifikia.

Hatua ya 4: Tafuta pale mahitaji mawili yanapogongana

Kuanzia mwaka 1946, mhandisi wa Kisovieti Genrich Altshuller alichunguza maelfu ya hati za uvumbuzi. Aliona kwamba uvumbuzi wenye nguvu huanza pale ambapo mahitaji mawili yanagongana, na mvumbuzi hakubali kupoteza lolote kati ya hayo.

Wafanyabiashara wadogo wa Rubavu walikutana na mgongano wa namna hiyo mwaka 2020. Kabla ya hapo, makumi ya maelfu ya watu walikuwa wakivuka kwa miguu kila siku kwenye Petite Barrière, wengi wakibeba mizigo midogo. Machi 2020, kwa sababu ya Uviko-19, watembea kwa miguu walizuiwa na malori ya mizigo yakaruhusiwa. Mwenye kilo 50 hakuweza kukodi lori. Na bila lori mzigo haukuvuka.

Jibu lilikuwa kuunganisha mizigo: wenye mizigo midogo waliingia katika vikundi na vyama vya ushirika, wakajaza lori moja, wenzao upande wa pili wakapokea. Usafirishaji ukawa wa pamoja, umiliki ukabaki wa kila mmoja. Si wote waliopona. Wenye mtaji mdogo kabisa walikwama, kwa sababu gharama na kuaminiana vilikuwa mzigo mwingine.

Anayetaka kuunganisha mizigo leo azingatie mambo haya: orodha ya wamiliki na uzito wa kila mmoja, alama ya rangi kwenye kila gunia, mwakilishi mmoja wa karatasi, na makubaliano ya maandishi kuhusu nani analipa mzigo ukiharibika. Karatasi ya mmoja ikiwa na kasoro, lori zima husimama.

Hatua ya 5: Jaribu kidogo, kisha pima

Usibadilishe kila kitu kwa siku moja. Chukua magunia 10 kati ya 40, uyatengeneze kwa utaratibu mpya, uyawekee alama, uyafuatilie hadi Goma. Linganisha na yale 30. Fanya hivyo wiki tatu au nne, kwa sababu wiki moja yaweza kuwa ya jua tu.

Jaribio zuri la kuanzia ni ukubwa wa gunia. Lumbesa huonekana kuokoa nauli, lakini gunia zito hutupwa chini badala ya kushushwa, na viazi huchubuka. Kenya, kupitia kanuni za viazi za mwaka 2019, iliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia. Pima mwenyewe: hasara ya michubuko ni kubwa kuliko nauli iliyookolewa?

Hatua ya 6: Ifanye iwe desturi

Kilichofaulu kiandikwe kwenye karatasi moja na kibandikwe ghalani: nani anafanya nini, saa ngapi. Utaratibu uliomo kichwani mwa mtu mmoja hupotea siku akiugua.

Yasiyo mikononi mwako

Mpaka huu una historia ya kubadilika ghafla. Tarehe 1 Agosti 2019 ulifungwa kwa saa kadhaa kwa ajili ya Ebola. Juni 2022 upande wa Kongo ulianza kufunga saa 9 alasiri. Mwishoni mwa Januari 2025 mapigano na kutekwa kwa Goma na waasi wa M23 kulisimamisha biashara. Mambo haya hayatatuliwi kwa "kwa nini" tano, lakini huandaliwa mapema: mnunuzi wa pili upande wa Rwanda, mahali pa kuhifadhia mzigo siku mbili, na kiasi cha mzigo ambacho ukikipoteza hutafilisika. Ulizia hali ya mpaka kabla ya kupakia, si baada ya kupakia.

Kwa ufupi

Taja tatizo kwa namba, fuata mzigo, uliza hadi ufike unapoweza kubadilisha, jaribu kidogo, pima, andika. Kwa mfanyabiashara wa mfano wetu, magunia 4 kwa wiki ni zaidi ya 200 kwa mwaka. Hayo ni malori matano mazima yaliyonunuliwa, kupakiwa na kulipiwa nauli, kisha kutupwa.