Katarina wa Siena: Kumtumainia Mungu Kanisa Linapojeruhiwa na Wanawe



Wako miongoni mwetu wanaouliza, tena kwa uchungu, kama Mungu bado yu pamoja na Kanisa lake. Wanaona ndoa zikivunjwa kirahisi, sadaka za waamini zikitafunwa na waliokabidhiwa kuzitunza, na wachungaji wengine wakiwajeruhi wadogo waliopaswa kuwalinda. Swali hilo si la kukemewa. Tulipeleke kwanza katika historia, maana kizazi chetu si cha kwanza kuliuliza.

Mwaka 1347, huko Siena nchini Italia, alizaliwa Katarina, binti wa mtia rangi nguo. Wakati huo Papa hakukaa Roma. Tangu mwaka 1309 makao yake yalikuwa Avignon, ambako Mapapa saba walifuatana, wote Wafaransa. Anasa za makao hayo, na vyeo vya Kanisa vilivyogeuzwa kuwa njia ya mapato, vilikuwa kwazo kwa wengi.

Katarina hakuwa na cheo. Alikuwa mlei wa Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Dominiko, akiwauguza wagonjwa wa mji wake. Hata hivyo alituma barua kwa watawala, makardinali na Papa mwenyewe. Yeye akisema, wengine wakiandika. Barua zipatazo 380 zimehifadhiwa hadi leo. Alimheshimu Papa kama mtoto amheshimuvyo baba, na papo hapo akamsihi awaondoe wachungaji wabaya na arudi Roma. Mwaka 1376 alifunga safari hadi Avignon, na Januari 1377 Papa Gregori XI akaingia Roma.

Tungependa habari iishie hapo. Haikuishia. Februari 1377, mamluki waliokuwa chini ya kardinali Robert wa Geneva, mjumbe wa Papa, waliwaua watu kwa maelfu katika mji wa Cesena. Machi 1378 Gregori XI akafariki. Aprili akachaguliwa Urbano VI, ambaye ukali wake uliwaudhi makardinali. Septemba wakamchagua mwingine dhidi yake, naye ni yuleyule Robert wa Geneva. Hivyo likaanza Farakano la Magharibi. Hata watakatifu walitofautiana: Katarina alisimama na Urbano VI, Mtakatifu Visenti Ferrer akasimama upande wa Avignon.

Katarina alifariki Roma tarehe 29 Aprili 1380, akiwa na umri wa miaka 33. Umoja alioupigania ulikuwa umevunjika mbele ya macho yake. Farakano liliendelea kwa miaka 37 zaidi, na tangu mwaka 1409 waliodai Upapa wakawa watatu. Mwaka 1417 tu, katika Mtaguso wa Konstanz, ndipo alipochaguliwa Martino V, na Kanisa likapata tena mchungaji mmoja.

Tunajifunza nini? Kwanza, kumtumainia Mungu si kunyamaza. Anayesema "tumwachie Mungu" ili uovu ufunikwe, hamtumainii Mungu, bali anajitafutia utulivu. Aliyeonewa asikilizwe, na uovu ufikishwe kwa wenye mamlaka, wa Kanisa na wa serikali. Pili, kutumaini si kudai kuona mavuno. Katarina alipanda na kumwagilia. Wengine, ambao hakuwajua, walivuna. Tatu, tumaini letu halikujengwa juu ya wema wa wahudumu. Lingejengwa hapo, lingeporomoka mwaka 1378. Limejengwa juu ya Kristo, ambaye alilala ndani ya mashua iliyokuwa ikipigwa na mawimbi, wala hakuihama.

Basi tusihame nasi. Tuanze na dhamiri zetu wenyewe, kwa kuwa magugu hayaoti katika shamba la jirani peke yake. Tusali, tuseme kweli, tutengeneze kilicho mikononi mwetu, na yaliyobaki tumkabidhi Mwenye shamba.

Mtakatifu Katarina wa Siena, Mwalimu wa Kanisa, utuombee.