Magogo, kamiyo na matope: namna ya kuvuna miti bila kuua udongo

Huku Kivu ya Kusini mvua inanyesha karibu miezi tisa, kuanzia mwezi wa 9 mpaka mwezi wa 5. Katika miezi hiyo yote miti inaendelea kukatwa, na kamiyo zinapanda milima kuchukua mbao, nguzo na makala ya kupeleka Bukavu. Watu wanahesabu miti iliyoanguka. Udongo uliobaki chini ya magurudumu, ni wachache wanaouhesabu. Lakini mti unaweza kupandwa tena mwaka ujao, na udongo uliokwenda ziwani haurudi.

Habari hii inaeleza mashine nzito inafanya nini kwenye ardhi iliyolowa, na mwenye shamba la miti au mnunuzi anaweza kufanya nini ili kupunguza maharibifu.

Udongo unapata nini mashine inapopita?

Udongo mzuri siyo kitu kilichojaa. Karibu nusu yake ni matundu madogo yenye hewa na maji. Mizizi inapumua humo, na maji ya mvua yanapita humo kwenda chini. Wakati wa kiangazi chembe za udongo zinashikana na zinaweza kubeba uzito. Zikilowa zinateleza moja juu ya nyingine, gurudumu linazama, na matundu yale yanafungwa.

Kiisha yanafuata mambo mawili. La kwanza, ardhi inashindiliwa kama sakafu ya nyumba ya udongo: maji hayaingii tena, mizizi haipenyi. La pili, gurudumu linaacha mfereji. Mvua inayofuata haitafuti njia nyingine, inashuka humo humo kwa nguvu, na mfereji wa leo unakuwa korongo baada ya misimu michache.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Sehemu kubwa ya kushindiliwa inafanyika katika safari chache za kwanza. Safari ya kumi au ya ishirini inaongeza kidogo tu. Kwa hiyo dereva anayekwepa matope kwa kufungua njia mpya kila siku anafikiri anaokoa shamba, kumbe analimaliza lote. Ni afadhali njia moja iharibike kabisa kuliko shamba nzima kuguswa. Udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa sana unaweza kuchukua miaka makumi kupona.

Kwa nini milima yetu inaomba uangalifu zaidi?

Udongo wa pande za Bukavu una mfinyanzi mwingi, na miteremko ni mikali. Ndani ya mji wenyewe, wakaaji wa Funu wanajua ardhi inayotembea polepole na kupasua kuta za nyumba. Mwezi wa 5 mwaka 2023, mafuriko na maporomoko ya Bushushu na Nyamukubi, katika teritwari ya Kalehe, yaliua watu zaidi ya 400. Mvua kubwa njo ilileta msiba ule. Siyo mashine za mbao. Lakini msiba ulionyesha wazi kwamba kinachofanyika juu ya mlima, anayeishi chini anakipokea. Barabara ya kamiyo iliyochongwa vibaya juu ya kijiji inakusanya maji sehemu moja na kuyatuma kwa watu.

Na udongo unaotoka mlimani unaingia mtoni, unachafua visima na mabomba ya maji, kiisha unafika Ziwa Kivu.

Mabega ya watu na vyuma vya mashine

Mashine kubwa za kukokota magogo ziko zaidi kwa makampuni ya majimbo mengine, kama vile Tshopo na Mai-Ndombe. Huku kwetu wapasuaji wengi wanaangusha mti kwa msumeno wa mashine, wanaupasua palepale, kiisha watu wanabeba mbao kwa kichwa mpaka barabarani. Ni kazi ngumu, na wabebaji wanalipwa franga kidogo. Lakini kwa upande wa udongo, hiyo ni njia inayoharibu kidogo zaidi: miguu ya watu haifanani na tani kumi za chuma. Kwenye mteremko mkali ulio juu ya makao, kupasua palepale kunabaki chaguo zuri.

Tanzania ilijifunza jambo hili kwa gharama. Katika milima ya Usambara Mashariki, jimbo la Tanga, ukataji wa mashine uliongezeka katika miaka ya 1970, kwa vifaa vilivyotolewa kwa msaada wa Finland. Kule pia mvua ni nyingi na miteremko ni mikali. Njia za matrekta ziliumiza udongo na mito, wataalamu wakapiga kelele, na katikati ya miaka ya 1980 ukataji ule ulisimamishwa. Finland hiyo hiyo ikageuka kusaidia kulinda msitu, na mwaka 1997 hifadhi ya Amani iliundwa.

Mambo saba ya kufanya

1. Kungoja. Dawa ya kwanza ni kalenda. Kazi ya kamiyo na trekta ipangwe mwezi wa 6, wa 7 na wa 8. Miti inaweza kukatwa mapema, lakini kuitoa kungoje ardhi ikauke.

2. Kupima udongo kwa mkono. Chimba kina cha kiganja, chukua udongo, uviringishe kati ya mikono. Ukitoka uzi mwembamba kama kalamu bila kukatika, ardhi ni mbichi sana: mashine isimame. Ukivunjika-vunjika, inaweza kubeba.

3. Kuchora njia kabla ya kukata. Njia chache, zilizowekewa alama kwa rangi au vigingi, na hakuna gurudumu kutoka nje yake. Miti iangushwe kuelekea njia hizo.

4. Kuleta gogo kwa mashine, siyo mashine kwa gogo. Trekta ibaki njiani, gogo livutwe kwa kamba ya chuma. Ncha ya mbele ya gogo ikiinuliwa kidogo, hailimi ardhi.

5. Kutandika matawi. Matawi na vilele vilivyokatwa visichomwe. Vikitandazwa kwa unene njiani, vinagawanya uzito wa magurudumu. Vikisagika, viongezwe.

6. Kupunguza uzito. Kamiyo ijazwe nusu, ifanye safari mbili kwenye njia ileile. Mipira mipana yenye upepo mdogo inazama kidogo kuliko mipira myembamba iliyojaa, lakini upepo upunguzwe kwa kipimo cha fundi tu, na urudishwe kabla ya kuingia barabara kubwa.

7. Kufunga njia kazi ikiisha. Kila hatua chache za mteremko, tuta dogo la udongo lililolala mshazari linatoa maji pembeni, kwenye majani. Kazi hii jembe linatosha, na salongo ya siku moja inaweza kuimaliza. Isipofanywa kabla ya mvua ya mwezi wa 9, yote ya juu yamefanyika bure.

Mwenye mikaratusi anapoteza nini?

Mkaratusi ukikatwa vizuri unachipua tena kwenye kisiki, na mwenye shamba anavuna mara ya pili na ya tatu bila kupanda. Lakini kisiki kilichopandwa na gurudumu, ganda lake likapasuka na mizizi ikashindiliwa, mara nyingi hakichipui vizuri. Mwenye shamba anayeacha kamiyo iingie popote ameuza mavuno ya leo pamoja na ya kesho, kwa bei moja.

Sheria inasema nini?

Sheria ya misitu ya Kongo, ya tarehe 29 mwezi wa 8 mwaka 2002, inakataza kufyeka miti kwenye mita 50 kila upande wa mto, na kwenye mita 100 kuzunguka chemchemi. Sehemu hizo njo zinakuwa na maji mengi zaidi, na mashine haina sababu ya kukanyaga hapo. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, kukata mbao kumekatazwa kabisa.

Mapatano kabla ya franga

Mara nyingi maharibifu yanaanza kwenye mapatano: mnunuzi na mwenye shamba wanapatana bei ya miti tu. Ni vizuri waandike pia, mbele ya chefu wa kijiji, mambo manne: kamiyo itasimama wapi, kazi itasimama mvua ikinyesha kwa muda gani, nani atatengeneza njia na matuta, na sehemu gani ya malipo itabaki mpaka matuta yakamilike. Majirani wa chini ya mlima waitwe kusikiliza, kwa sababu maji yakishuka yatapita kwao kwanza.